Kwa Nini Tangi Letu Lilipikwa: Historia Fupi ya Kuweka Kostiki Ndani ya Chuma



Halmashauri iliponitaka niandike sura moja ya kijitabu hiki cha miaka kumi, nadhani ilitarajia habari za pamba na bei zake. Habari hizo zimo katika kurasa nyingine, nazo zimeandikwa na watu wazijuao kunishinda. Mimi nimechagua habari ya tangi moja la chuma lililoko nyuma ya kinu chetu cha mafuta, kwa sababu katika vitabu vyetu vya hesabu hakuna fungu lililoulizwa mara nyingi kama lile lililoandikwa: "Kulipasha moto tangi jipya la kostiki." Katika Mkutano Mkuu mmoja mzee wetu mheshimiwa alisimama akasema, "Bwana Katibu, tangi ni chungu hata lipikwe?" Watu walicheka sana. Nilimjibu kwa maneno machache, naye akaketi, lakini niliona usoni mwake kwamba hakuridhika. Fedha ile ilikuwa jasho lake, naye alikuwa na haki ya kupata jibu refu. Jibu lenyewe ni hili.

Kwanza yafaa tukumbushane kostiki ni ya nini. Mafuta ya mbegu za pamba yatokapo katika mashine ya kukamulia huwa na weusi, maana mbegu ya pamba ina rangi iitwayo gosipoli, ambayo ni sumu pia. Zaidi ya hayo mna asidi za mafuta zilizokwisha kujitenga, nazo huzidi kila mbegu inapokaa mahali penye unyevu. Kostiki ikitiwa kwa kipimo hushikana na asidi hizo pamoja na sehemu kubwa ya rangi ile, vikawa matope ya sabuni. Matope yakiondolewa, mafuta hubaki safi, tayari kwa hatua nyingine za kuyafanya ya chakula. Na matope yenyewe hayatupwi, bali huingia katika sabuni ya kufulia. Kwa hiyo pasipo kostiki mbegu zetu zingeuzwa kwa bei ya mbegu tu.

Babu zetu walijua magadi kabla ya kujua viwanda. Waliyatia katika maharage yapate kulainika, na wavuta ugoro waliyachanganya na tumbaku. Ziwa Magadi la Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na Ziwa Natron la kwetu, yote mawili yamejaa kitu hicho. Magadi ya namna hii ni mpole. Walakini ukiyachemsha pamoja na chokaa iliyochomwa, chokaa huyanyang'anya hewa ya kaboni iliyofungwa ndani yake, na kinachobaki majini ni kostiki, kitu kikali kiunguzacho ngozi na kuharibu macho. Aliyeonyesha kwanza siri ya hewa hiyo alikuwa Mskoti Joseph Black, katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1756. Kabla yake wataalamu walidhani ukali huo umetoka katika moto wa tanuri.

Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipewa hati ya uvumbuzi kwa kufanya magadi kutokana na chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya nchi yake yalimpokonya kiwanda, na mwaka 1806 alijiua akiwa maskini. Njia yake ilitajirisha wengine kwa muda mrefu, mpaka Mbelgiji Ernest Solvay alipoleta njia iliyo nafuu katika miaka ya 1860. Kisha mwaka 1892 Mmarekani Hamilton Castner na Karl Kellner wa Austria, kila mmoja kwa upande wake, wakaonyesha jinsi ya kupitisha umeme katika maji ya chumvi juu ya zebaki ili kupata kostiki moja kwa moja. Siku hizi zebaki imeachwa karibu kila mahali kwa sababu ya sumu yake, lakini umeme na maji ya chumvi ndivyo vingali vikitumika.

Mkulima wa pamba asione mambo haya kuwa ya mbali naye. Mwaka 1850 John Mercer, mtu wa Lancashire huko Uingereza, alipata hati ya kuzamisha nguo za pamba katika kostiki kali. Uzi ulinenepa, ukaongezeka nguvu, ukanywa rangi vizuri kuliko kwanza. Miaka 40 baadaye Horace Lowe aliona kwamba nguo ikivutwa isinywee wakati imo katika kostiki, hung'aa kama hariri. Pamba na kostiki ni majirani wa siku nyingi.

Sasa swali la kuiweka. Zamani kostiki ilisafirishwa ikiwa imeganda: iliyeyushwa kwa moto mkali katika masufuria makubwa ya chuma cha kalibu, ikamiminwa katika mapipa ya bati, ikawa jiwe. Aliyeitaka alivunja pipa akapasua jiwe. Viwanda vilipokua, watu walitaka kuipata ikiwa maji, na hapo ndipo yalipohitajika matangi. Tangi la kitu gani? Alumini haifai hata kidogo, kwa kuwa kostiki huila upesi na kutoa hewa ya hidrojeni iwezayo kulipuka. Bati lililopakwa zinki nalo huliwa vivyo hivyo. Shaba nyeupe haidumu. Kilichoonekana kufaa, tena kwa bei rahisi, ni kile kile chuma cha kawaida cha mabamba, ambacho mvua ya usiku mmoja hukitia kutu.

Jambo hilo huwashangaza wengi, nami lilinishangaza. Kitu kinachochoma mkono mara moja kinawezaje kukiacha chuma salama? Michael Faraday alitafakari jambo lililo karibu na hili mwaka 1836, alipopata barua ya Mjerumani Schönbein juu ya chuma kilichotiwa katika asidi kali ya naitriki kisiliwe. Faraday alifikiri kwamba juu ya chuma kile umefanyika utando mwembamba usioonekana kwa macho, nao ndio ngao yake. Katika kostiki pia chuma hujivika utando wa namna hiyo. Fundi mwashi anaujua bila kuujua: nondo zilizozikwa ndani ya zege nzuri hukaa miaka mingi bila kutu, kwa sababu saruji ina ukali wa chokaa unaoulinda utando huo.

Lakini kila ngao ina mpaka wake. Mbelgiji Marcel Pourbaix, katika tasnifu yake ya mwaka 1945, alichora ramani zinazoonyesha mahali ambapo chuma hutulia na mahali ambapo huyeyuka. Na katika ukali mkubwa mno wa kostiki chuma huanza tena kuyeyuka. Joto huongeza hatari. Kostiki ya nusu kwa nusu, yaani sehemu 50 kwa 100 kwa uzito, ikikaa katika chuma ikiwa ya uvuguvugu tu, hukila polepole mno. Ikipita nyuzi 60 hivi za Sentigredi huanza kuchukua chuma kwa kiasi cha kuonekana. Watengenezaji wa nyuzi za rayoni walilia sana juu ya jambo hilo, kwa sababu chembe za chuma ziliharibu kazi yao. Ndipo viwanda vya kostiki vilipoanza kutumia nikeli katika vyombo vya kuchemshia, na matangi ya chuma yakavikwa ndani mpira au rangi ngumu isiyoliwa na kostiki.

Kama hatari ingekuwa kuliwa polepole tu, nisingekuwa na la kuandika. Tungepima unene wa bamba kila mwaka, na likipungua mno tungenunua jingine. Hatari kubwa ni ufa, na historia ya ufa haikuanza katika matangi. Ilianza katika maboila ya mvuke.

Maboila ya karne ya 19 yaliungwa kwa ribiti, bamba juu ya bamba. Yalipasuka mara nyingi na kuua watu. Mwaka 1854 wenye viwanda wa Manchester waliungana wakafanya chama chao cha watumiaji wa mvuke, wakalipa ada, wakaajiri wakaguzi wa kuyatazama maboila ya wanachama wote. (Rochdale, walikoanzia wale waasisi wa ushirika mwaka 1844, ni karibu tu na hapo. Sisemi kwamba mmoja alimwiga mwenzake, lakini napenda kuviona vyama hivyo viwili katika nchi ile ile na miaka ile ile.) Ukaguzi uliokoa maisha mengi. Hata hivyo palibaki namna moja ya ufa iliyowashinda mafundi. Bamba lilikuwa nene kama siku ya kwanza, halina kutu, halikuvimba, nalo lilipasuka kandokando ya matundu ya ribiti kana kwamba ni kigae. Mafundi walilaumiana. Wengine walisema chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani, wengine wakamlaumu mpiga ribiti.

Katika jimbo la Illinois, Marekani, maji ya visima virefu ya sehemu nyingine yana magadi ndani yake. Maji hayo yakichemka katika boila, hewa ya kaboni hutoka na mvuke, na kinachobaki hugeuka kostiki kidogo kidogo. Samuel W. Parr, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa kitabu chake mwaka 1917 akisema wazi kwamba kostiki ndiyo inayofanya chuma laini kiwe chepesi kuvunjika. Wengi hawakukubali. Walimwuliza, na swali lao lilikuwa la haki: kostiki ndani ya boila ni haba sana, nguvu ya kupasua bamba imeitoa wapi? Parr na msaidizi wake Frederick Straub waliendelea na majaribio, na katika miaka ya 1920 majibu yalijulikana. Palipo na ribiti isiyobana vema, maji hupenya kati ya bamba mbili na kutoka nje tone kwa tone yakigeuka mvuke. Maji huenda zake, kostiki hubaki. Siku baada ya siku katika ule upenyo mwembamba hukusanyika kostiki kali, mahali penye moto, tena mahali ambapo chuma kimevutwa na kubanwa na nyundo ya mpiga ribiti.

Hapo yamekutana mambo matatu: ukali wa kostiki, joto, na mkazo uliofungwa ndani ya chuma. Ukiondoa moja, ufa hautokei. Ndugu msomaji, tafadhali yashike hayo matatu, kwa maana jibu la mzee wetu limo humo.

Wenye maboila walitafuta dawa za kutia majini. Walianza na chumvi za salfeti, kisha reli za Marekani zikatumia naitreti kwa mafanikio. (Naitreti hiyo hiyo, mahali pengine, yenyewe hupasua chuma. Huko Flixborough, Uingereza, maji yenye naitreti yaliyomwagwa juu ya chombo kimoja cha kiwanda yalikitia ufa. Chombo kikaondolewa, mabomba ya muda yakawekwa mahali pake, na mwezi Juni mwaka 1974 mabomba hayo yakaachia, mlipuko ukaua watu 28. Dawa ya chombo hiki ni sumu ya chombo kile.) Mwisho wa yote ribiti zenyewe ziliachwa, maboila yakachomelewa, na ule upenyo ukatoweka.

Basi watu wakadhani maneno yamekwisha. Kumbe kuchomelea kuna mkazo wake. Fundi anapoyeyusha chuma katika mshono, chuma kile kinapopoa hutaka kusinyaa, lakini mabamba ya pande mbili hukizuia. Hubaki kimevutika kama kamba ya upinde, ijapokuwa kwa macho kimetulia kabisa. Tangi la maji laweza kukaa na mkazo huo maisha yake yote bila dhara. Tangi la kostiki ya moto haliwezi. Katika nchi za baridi ajali za namna hii zilikuwa nyingi, kwa sababu kostiki ya nusu kwa nusu huanza kuganda joto likishuka karibu na nyuzi 12 au 15, na huko majira ya baridi ni makali kuliko hayo. Iliwabidi watie mabomba ya mvuke ndani ya matangi isigande. Na karibu na mabomba hayo, penye mshono, ndipo nyufa zilipoanzia.

Wahandisi wa Marekani wanaoshughulika na kutu, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1943, walikusanya habari za matangi yaliyopasuka na yasiyopasuka wakazichora katika chati moja. Upande mmoja ni ukali wa kostiki, upande mwingine ni joto. Sehemu ya chini ya chati ni ya chuma cha kawaida kilichochomelewa tu. Sehemu ya kati ni ya chuma ambacho mishono yake imetulizwa kwa moto. Sehemu ya juu si ya chuma tena, bali ni ya nikeli. Kwa kostiki ya nusu kwa nusu, mpaka wa sehemu ya chini hauzidi nyuzi 50. Kostiki ikiwa hafifu zaidi, mpaka hupanda.

Mtu atasema, nchi yetu kando ya Ziwa haina baridi, hatuhitaji bomba la mvuke, joto litatoka wapi? Hata mimi nilisema hivyo. Sasa yanipasa nieleze aibu yetu.

Tangi letu la kwanza tulilinunua likiwa limekwisha kutumika, nalo lilifanywa kwa ajili ya maji. Lilikuwa rahisi, na Halmashauri ilisifiwa kwa kubana matumizi. Nami nilitia sahihi hati ya malipo kwa furaha. Hatukufikiri kwamba lita moja ya kostiki ya nusu kwa nusu ina uzito wa kilo moja na nusu, hata tangi liwezalo tani 10 za maji likatwishwa tani 15. Tena kostiki yetu huja katika mifuko, ikiwa magamba makavu. Magamba hayo yakiingia majini hutoa joto kubwa yenyewe, bila kuni wala mvuke. Msimu ulipopamba moto, malori yamepanga foleni, tulikuwa tukimimina mfuko baada ya mfuko ndani ya tangi lile lile, tukifanya kostiki ya nusu kwa nusu ili itutoshe siku nyingi. Bamba lilikuwa halishikiki kwa mkono. Tulilionea fahari joto hilo, tukidhani ni dalili ya kostiki nzuri!

Asubuhi moja mlinzi aliona uzi mweupe kama chumvi chini ya mguu mmoja wa tangi, pale mguu ulipochomelewa. Fundi aliukwangua akapaka rangi. Baada ya wiki mbili uzi ulirudi, mrefu zaidi. Akachomelea juu yake. Hilo lilikuwa kosa kuliko yote, kwa sababu alitia joto jipya na mkazo mpya juu ya ufa ambao ndani yake mlikuwa mna kostiki bado. Ufa ukatokea kando ya mshono wake. Siku ya tatu tangi lilivuja kwa nguvu. Kijana mmoja mpakuzi alimwagikiwa mguuni. Alioshwa kwa maji mengi muda mrefu, akapona, lakini kovu analo mpaka leo, naye hunisalimu kila asubuhi anapoingia kazini.

Bamba lilipokatwa na kupimwa, unene wake haukuwa umepungua kwa kiasi cha kutajika. Lilikuwa jipya, na lilikuwa limepasuka. Mhandisi aliyelitazama hakuhitaji muda mrefu kutaja yale mambo matatu.

Tangi jipya, kwa hiyo, lilifanywa kwa uzito wa kostiki, si wa maji. Lilipokwisha kuchomelewa lilipelekwa zima katika tanuri la karakana kubwa ya mjini, likapashwa moto polepole mpaka nyuzi 620 hivi, likashikwa hapo kwa saa moja kwa kila milimita 25 za unene wa bamba, kisha likaachwa lipoe taratibu. Katika joto hilo chuma hulegea kidogo, na ule mkazo wa mishono hulala. Hiyo ndiyo kazi iliyolipiwa. Baada ya hapo hakuna ruhusa ya kuchomelea kitu chochote juu yake, hata kibao cha jina la Chama. Kibao chetu kimefungwa kwa mkanda.

Joto nalo tumelipunguza. Magamba huyeyushwa katika pipa dogo la pembeni, magamba yakiingia katika maji polepole, kamwe si maji juu ya magamba, kwa maana hayo huruka na kuunguza. Mchanganyiko haupelekwi tangini mpaka umepoa. Tena hatufanyi tena nusu kwa nusu. Tunaweka sehemu 25 kwa 100, kwa kuwa hata hiyo kinu huizimua kabla ya kuitumia. Tangi limepakwa rangi nyeupe na kujengewa kivuli, maana jua letu juu ya chuma cheusi si dogo. Vali zake hazina shaba nyeupe wala alumini. Limezungukwa na ukuta mfupi wa zege uwezao kushika kostiki yote likivuja, na bomba la maji ya kuoshea liko hatua chache kutoka hapo, nalo hufunguliwa kila Jumatatu kuhakikisha kwamba maji yanatoka.

Kila mwaka kabla ya msimu tangi humwagwa, huoshwa, na mishono hutazamwa kwa dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, iingiayo katika ufa mdogo kuliko unywele. Daftari la ukaguzi liko ofisini kwangu, na kila mwanachama ana ruhusa ya kulisoma.

Kipande cha lile bamba la kwanza kimetundikwa juu ya daftari hilo. Yule mzee wetu alikuja kukitazama mwaka uliofuata. Alipitisha ukucha wake juu ya ufa, kwenda na kurudi, akauliza kama yule kijana wa mguu amelipwa matibabu yake. Nilimwonyesha stakabadhi. Alizisoma zote, akazirudisha, akataka kujua ukaguzi mwingine ni lini.

Nilimwambia tarehe. Siku hiyo alifika kabla ya fundi.